Aliyenirudisha kwenye Anwani za Zamani

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikianza sitanyamaza. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mvua ikinyesha, katika hospitali moja ya Muleba ninakotunza kompyuta.

Asubuhi ile kirusi kilikuwa kimeifunga seva yetu, kompyuta kuu ya hospitali. Mafaili ya wagonjwa hayafunguki. Na wodini kulikuwa na mama aliyeletwa kwa boti kutoka kisiwa cha Bumbire, hajitambui, mtoto amekwama tumboni. Daktari akanipigia simu: "Mumewe anasema kuna dawa iliwahi kukaribia kumuua hapa hapa kwetu. Hajui jina. Nitafutie faili, tunataka kumpasua!"

Bekapu, nakala ya akiba ya mafaili, nilikuwa nayo. Nikaifufua kwenye kompyuta pepe mbili, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta moja: moja ya programu, moja ya kumbukumbu. Nikazitenga na mtandao wa hospitali kama wagonjwa wa kipindupindu. Kwa kuogopa zisigongane na seva iliyougua, nikazipa anwani mpya za mtandao. Programu ikawaka, lakini kumbukumbu haizioni. Nikajaribu, nikajaribu. Wapi!

Mtu akakohoa nyuma yangu. Niamini, mlango wa chumba cha seva nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Nikageuka. Mzee Idrisa, fundi aliyeujenga mtandao ule! Utasema nilimfananisha. Nimfananishe vipi mtu aliyenifundisha kazi? Na nilikuwepo Kitendaguro tulipomzika.

"Mwana wange," akaniita mwanangu kwa Kihaya, pole pole kama zamani, "programu inamwita mwenzake kwa anwani ya zamani. Umemhamisha ya nini? Mle ndani wako peke yao, watagongana na nani?"

Nikanyoosha mkono nirudishe anwani.

"Ngoja! Mlango wa nyuma."

Nikatazama. Mungu wangu! Kompyuta pepe moja ilikuwa na kadi ya pili ya mtandao, bado imeunganishwa na hospitali. Ningeipa anwani yake ya zamani hivyo hivyo, kirusi kingeitambua na kuimeza bekapu pekee tuliyobaki nayo. Nikaikata kadi ile. Nikarudisha anwani. Nikawasha upya.

Faili likafunguka! Nikamsomea daktari jina la dawa kwa kelele utadhani naita mtu ng'ambo ya ziwa. "Ndiyo hiyo hiyo tuliyokuwa tumeiandaa," akasema. "Tunabadilisha!"

Nikageuka kumshukuru mzee. Hayupo, na mlango bado umefungwa.

Kabla ya jua kuzama mtoto akalia. Wa kike, mzima, na mama mzima. Wodi ikajaa vigelegele, na changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Mpaka leo siingii chumba cha seva bila kubisha hodi, hata funguo nikiwa nazo mimi. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Nawe unayenisikiliza, bekapu usiiamini mpaka uwe umeifufua siku ya amani. Itenge kwanza, kagua kila kadi, ndipo uipe anwani zake zile zile. Na marehemu akikwambia ngoja, usimwulize amepitia wapi. Ngoja.