Askari Asiyemkamata Mtu

Zahoro bin Kibwana alikuwa askari wa barabarani kwenye kona ya Bongwe kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakumkamata mtu. Hilo ndilo lililomponza.

Kabla hajawekwa pale, mwaka 1953, malori ya miwa yalikuwa yakiikata kona ile kana kwamba ng'ambo yake hapakaliwi na watu. Zahoro akasimama ukingoni, amevaa juu ya sare mikono ya kitambaa cheupe, ionekanayo tangu mbali. Madereva wakapunguza mwendo. Hakuwa na kazi nyingine ila kuonekana, nayo aliifanya vizuri.

"Askari wa kuota jua," Karisa, dereva wa lori, alikuwa akimtania akipita polepole. "Lini utatushika?"

"Siku utakayokwenda mbio."

Aliyefaidi zaidi ni mamake, Bi Esha, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa. Kisima kilikuwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa akifika na mtungi wake, anamtazama mwanawe. Akiitikiwa kwa kichwa, anavuka.

Inspekta mpya alipokuja kutoka Kwale alilifunua daftari la makosa, akakuta kurasa nyeupe.

"Ama unalala, ama hapana haja ya askari hapa."

"Hawakosi kwa sababu wananiona, bwana."

Inspekta aliiona hoja hiyo kuwa ya mvivu mwenye akili. Akamhamishia Kwale alinde lango la ofisi, ambalo gari lililolipita zaidi lilikuwa la inspekta mwenyewe.

Siku ya kuondoka, Zahoro alimpigia mamake kelele sikioni. "Mama, usivuke peke yako. Mngoje jirani, Asiya."

"Asiya huchelewa. Na barabara hii imeshatulia, mwanangu. Miaka mitatu sijaona gari la mbio."

Alisema kweli.

Siku ya tisa lori la Karisa lilimkuta katikati ya njia. Mahakamani Karisa alilia, wala hakuficha kitu: "Niliona hapana askari."

Serikali, ambayo huwahi sana baada ya maziko, ikaweka askari wawili.

Zahoro alirudi Bongwe kwa arobaini ya mamake. Alipofika barabarani, lori lilikuwa likija taratibu kama lililobeba mayai. Dereva, kijana asiyemjua, akasimama kabisa, akamwamkia kwa adabu na kumwashiria apite.

"Marahaba," Zahoro akajibu, asiinue mguu, mpaka Asiya alipokuja kumshika mkono.