Sindano za Mwanaidi

Harufu ya yai likikaangwa kwa samli ndiyo iliyonifundisha wivu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa huko Kang'ata, kuta za nyumba bado zikinuka udongo mbichi, na mayai yalikuwa ya kuuza. Lakini mdogo wangu Mwanaidi alipovimba taya kwa saratani, hadi jicho likaanza kuziba, kila yai likawa lake. Mama aliondolewa zamu ya shamba la kijiji ili ampeleke hospitali Korogwe, nami nikabaki na bibi nikipalilia mahindi. Mwanaidi alirudi na gauni jipya na habari za treni. Uvimbe ukanywea, na bado wakaendelea kwenda. Nikaona anadekezwa tu.

Siku moja bibi alikwenda msibani Chanika, ikabidi mama anichukue. Nilipanda basi kwa furaha. Tulipofika Kilole, karibu na Korogwe, Mwanaidi akaanza kutapika, na sindano ya hospitali hata hajaiona.

Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, damu ikapelekwa kupimwa.

"Shikamoo. Kwani bado anaumwa?" nilimuuliza.

"Marahaba. Ugonjwa uliobaki hauonekani kwa macho," alisema. "Dawa hii inauua, lakini inadhoofisha na damu yake. Ndiyo maana tunampa, tunamwacha wiki kadhaa apate nguvu, kisha tunampa tena. Damu ikiwa haijarudi vizuri, leo hapati."

Damu ilikuwa imerudi. Dawa ikapitishwa mshipani polepole, mama akiwa amempakata. Jioni Mwanaidi alitapika mpaka hakuwa na cha kutapika, na nywele zake zikabaki kwenye kanga ya mama. Nilielewa kwamba hakukuwa na raha yoyote pale. Hata hivyo niliutazama mkono wa mama ukimpapasa mgongoni, nikautamani uwe wangu.

Mwanaidi alipona, akaolewa Korogwe, sasa ana wajukuu. Siku hizi mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuzuia kutapika, na mama kijana huelezwa mambo ambayo mama yetu aliyajifunza kwa kukesha. Mama ni mzee, haoni tena. Mimi ndiye ninayeishi naye, ninayempikia na kumwogesha. Kila asubuhi nikisukuma mlango, hugeuza uso wake na kutabasamu.

"Mwanaidi, umekuja?"

"Ndiyo, mama," namjibu, naye hunyoosha mkono.