Kumi za Daktari

Darani, mshonaji wa mavazi ya wacheza ngoma mjini Chonburi, Thailand, alikuwa na kicheko cha kusikika soko zima. Lakini asubuhi hiyo kliniki alikaa kimya, amebana magoti. Tangu mvua zianze, kukojoa kulikuwa kazi: matone tu, yanachoma, na siku nyingine hayatoki kabisa. Kumwambia daktari ndiko kulikomshinda. Yule ndiye aliyempasua akampa mwili wa kike aliousubiri tangu utotoni, na kila mwaka Darani humpelekea shada la asmini. Mtu kama huyo unaanzia wapi kumwambia kazi yake ina kasoro?

Na hofu kubwa zaidi ilikuwa hii: mama yake aliapa kwamba atakuja kujuta. Akilalamika, watasema amejuta, na wenzake wanaosubiri upasuaji kama wake watafungiwa mlango.

Nesi Kanlaya alimwuliza maswali ya kila mwaka, akimtaka ajipe mwenyewe alama, kumi ikiwa ni salama kabisa: maumivu, hisia, mambo ya chumbani, haja ndogo. Darani alitoa kumi kila mahali, akaunganisha viganja kuaga, akatoka.

Nje kwenye benchi alikaa Phimlada, binti mdogo mwenye begi la nguo. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa na daktari huyo huyo. Aliuliza kwa adabu kama Darani ni mmoja wa waliotangulia, naye akakubali.

"Nimeambiwa nyote mnatoa kumi," binti akasema. "Ndiyo maana nimepata moyo. Sasa dada, nikija kuumwa mimi, si nitakuwa mwenye mkosi peke yangu?"

Darani alitafuta utani, akaukosa. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaza kila akilia chooni, kwamba mkosi ni wake peke yake. Akamwambia binti amsubiri, akarudi ndani.

"Nesi, nimekudanganya. Haja ndogo niandikie mbili."

Kanlaya hakumkaripia. Alivuta kiti karibu, akauliza taratibu, "Unajuta?"

Ndilo swali alilolikimbia siku zote hizo.

"Sijuti hata kidogo. Mwili ni wangu. Ila naumia, dada, na naogopa."

Daktari aliitwa. Darani alifumba macho alipomsikia mlangoni, asije akauona uso wake ukibadilika. Mzee alimpima bila haraka, akamwambia njia ya mkojo imesinyaa na inaweza kupanuliwa, ila angechelewa zaidi ingeziba na figo zingedhurika. Kisha akavua glavu, akamgeukia nesi.

"Na hao wengine wote walionipa kumi?"

Kanlaya alifungua daftari la alama, akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja.