Bi Kumbe na Mama Asiyeamini Chochote

Jina la Bi Kumbe alipewa na wateja wake, na hakulikataa kwa sababu lilimkaa vizuri. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha mbele ndicho kiwanda, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kukusanya yale mambo madogo madogo ambayo watu huyafanya bila kukumbuka nani aliwafundisha. Kiganja kikiwasha maana yake nini. Kijiko kikianguka nani anakuja. Mteja akija kupimwa kiuno, anaondoka amepimwa na kumbukumbu zote za bibi yake. Akisikia jipya, fundi huangusha utepe wa kupimia, anajipiga paja na kusema, "Kumbe!" Kisha anasogeza simu karibu na mdomo wa mtu. "Hebu rudia, nikurekodi."

Watu hawakumnyima. Muuza nyama alimweleza kwa nini pesa ya kwanza ya asubuhi haipokei kwa mkono wa kushoto. Shoga yake wa duka la jirani alimpa mpaka ya kutunga, maana alipenda kusikia sauti yake mwenyewe kwenye simu. Mashemeji wawili nusura washikane mashati: mmoja alishikilia kwamba kiganja cha kulia kikiwasha unapokea, mwingine akala kiapo kwamba unatoa. Fundi aliwarekodi wote wawili, pamoja na matusi yao.

Aliyembania alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja.

Mama alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka nenda miaka rudi alipambana wodini na watu waliopaka vidonda kila uchafu kwa sababu shangazi kasema, kwa hiyo ukigusia tu habari za imani, anabetua midomo. "Mimi ni mtu wa sindano na vidonge," husema. "Hayo mambo kawaulize mashoga zako."

Lakini mama huyohuyo hajawahi kupokea mkasi mkononi mwa mtu. Uweke mezani kwanza, ndipo auchukue.

"Kwa nini, mama?"

"Usalama kazini."

Akimkuta mteja amesimama katikati ya mlango, hapo hapo atamwondoa. "Ingia au toka. Mlangoni pana vumbi." Akiona kiatu kimelala kifudifudi, atainama, kiuno kikimlalamikia, akigeuze. "Usafi huo. Nyayo zina vijidudu." Fundi humtazama huku akijiuma ulimi.

Sasa mdogo wa kiume wa fundi, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa amemjengea mama chumba katika mji wa mbali, na mama alikuwa anahama. Bi Kumbe alikuwa na sauti za mtaa mzima kwenye simu, lakini ya mama yake haikuwemo. Alitaka jambo moja tu, moja ambalo mama alilipata kwa mama yake. Kusema kweli alichotaka ni mama abaki naye kidogo hata akishaondoka, ila hakujua namna nyingine ya kuomba.

Akaomba, akabembeleza, hakuambulia kitu. Ndipo shetani akampitia. Aliiwasha simu irekodi, akaificha ndani ya kikapu cha vitambaa, akamkalisha mama pembeni yake wakunje nguo za safari. Akaanzia mbali.

"Hivi mama, bibi alikuwa mkali?"

Mama akalainika. "Bibi yako? Wee! Bibi yako, ngoja nikwambie..."

Hapo kikapu kikaanza kulia na kutetemeka. Alikuwa mteja mmoja anaulizia suruali yake. Mama alichimbua vitambaa mpaka akaifikia simu, akaipokea mwenyewe. "Suruali yako bado. Fundi yuko kwenye upelelezi." Akakata, akamtolea macho binti yake.

"Unanirekodi kimyakimya, kama mtuhumiwa?"

"Mama, nilitaka tu..."

"Ungetaka, ungeniuliza."

"Nakuuliza kila siku!"

"Na kila siku nakujibu!"

Mama akanuna. Na mama akinuna hamfokei mtu, anafanya kazi. Alipanga masanduku yake yote, akafuta na meza ambayo haikuwa chafu. Fundi alijikaza kisabuni, lakini roho ilimuuma kwelikweli. Mama angeondoka na kinyongo, na yote hayo kwa ujinga wa simu.

Siku ya safari teksi ilifika. Mama akatoka na koti lake, akanyoosha mkono kuchukua mkoba, na kifungo cha kifuani kikaruka, kikabingirika mpaka chini ya cherehani.

"Vua, mama, nikushonee."

"Sivui. Gari linasubiri. Shona hivihivi."

Fundi akatunga uzi sindanoni, akashika koti. Kabla sindano haijagusa kitambaa, mama akamshika mkono.

"Nikatie kipande cha uzi kwanza."

Akakatiwa. Akakitia mdomoni, akakibana kwa meno na kuinua kidevu kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto.

Fundi akashusha sindano. "Cha nini hicho, mama?"

"Mm," mama akajibu, akionyesha kifungo.

"Usalama kazini?"

"Mm-mm."

"Basi sishoni mpaka uniambie."

Nje dereva akapiga honi. Simu ya fundi ilikuwa chumbani ikichajiwa, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye koti. Mama akautoa uzi mdomoni, akautazama.

"Siku nakwenda chuo cha uuguzi, kifungo kiling'oka mlangoni, hivihivi. Mama akanishonea nguo ikiwa mwilini. Akaniambia niume uzi. Alisema mtu akishonewa mwilini bila kuuma uzi, huko aendako anasahau nyumbani. Nilimcheka, mwanangu. Nilimwambia kumbukumbu ziko kichwani, haziko kwenye vifungo. Lakini niliuma."

"Na hukusahau?"

"Ningesahau, habari za uzi ningezijulia wapi? Shona, dereva asije akaniacha."

Akaurudisha uzi mdomoni. Fundi alishona kile kifungo polepole kuliko kifungo chochote maishani mwake, akakizungushia uzi mpaka kikasimama imara. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Kimeshika, mama. Tema sasa."

Mama akatikisa kichwa. Akamkumbatia binti yake kwa nguvu, midomo imefumbwa, kisha akaingia garini.

"Tunaenda stendi, mama?" dereva akauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa, ncha ya uzi ikimning'inia pembeni mwa mdomo, na mpaka teksi inakata kona alikuwa bado hajautema.