Fundi Kabakoo na Kijifriji cha Chupa Moja

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, naongopa. Mwaka wa mafuriko kijifriji kilikuwepo tayari, maana nakumbuka tulikipandisha juu ya meza kwanza, ndipo tukampandisha shangazi mzee wa fundi, na yule bibi hakutusamehe. Basi ulikuwa mwaka uliotangulia, wa lile joto lililofanya mishumaa ijipinde yenyewe kabatini. Ndiyo, huo huo. Bila joto lile habari hii isingekuwepo.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Kabakoo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Ni mashati yake. Kwake yeye nguo ilitakiwa ishike mwili kama ganda linavyoshika yai. Ukimwambia, "Fundi, achia kidogo nipumue," alikujibu bila kuinua kichwa, "Utapumua ukifika nyumbani ukivua." Mimi mwenyewe ninayo suruali yake moja ambayo naivaa nikiwa nimesimama tu. Lakini ilivyokaa, ah! Watu walikuwa wanasimama kuitazama, nami nasimama nao, kwa kuwa sina namna nyingine.

Sasa Kabakoo hakuwahi kuonja kilevi. Hakula kiapo, alichukia tu harufu yake. Na Mungu alimpa binti mmoja, na huyo mmoja akaenda mbali kujifunza kutengeneza mvinyo. Siku anaondoka, babaake alisimama mlangoni akamwambia, "Sikukusomesha ili ukawapikie walevi." Binti akainua sanduku lake akaenda zake. Toka hapo baba na mwana wakawa wanasalimiana kwa kupitia mama. Simu ikiita, fundi anatoka nje. Ikikatwa anarudi, anajifanya anatafuta mkasi, kisha anauliza, "Anakula vizuri?"

"Si ungemuuliza mwenyewe," mkewe anamjibu. "Mkasi uko shingoni kwako."

Ndipo siku moja msafiri akaleta chupa. Nyeusi, ndefu, imefungwa kwenye sweta. Na mama akaleta ujumbe kutoka kwenye simu: huo ndio mvinyo wa kwanza binti kuutengeneza kwa mkono wake mwenyewe, msiufungue, anakuja mwisho wa mwaka aufungue na baba yake. Uwekwe mahali pa baridi ya wastani, ulazwe, wala usitikiswe.

Fundi aliiweka chupa mezani akaizunguka. "Ulazwe? Kama mgonjwa?"

"Kama mtoto," mkewe akasema.

Fundi akaubeba kwa mikono miwili. Akaulaza chini ya kitanda, akaenda kupapasa sakafu, joto. Akaulaza kwenye friji ya jikoni, mkewe akamwambia humo mna baridi kupita kiasi, na friji yenyewe ikianza kufanya kazi hutetemeka kama mwenye homa. Akaja kwangu na tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akakaa bila kukaribishwa.

"Jirani," akasema, "huu ukiharibika, atasema niliuharibu makusudi. Hatarudi tena yule."

Hapo nikavaa viatu.

Kwenye duka la friji tulipokewa na binti mchangamfu, muuzaji. Akatupeleka mahali pa vijifriji vya mvinyo, vimejipanga na vioo vyao na taa za buluu ndani. Nilidhani ni vya samaki wa mapambo.

"Wazee wangu, mna chupa ngapi nyumbani?"

"Moja," akasema Kabakoo.

"Na mwezi huwa mnakunywa ngapi?"

"Sinywi."

Akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Mimi daktari alinikataza."

"Sasa baba, friji ya nini?"

"Ya kulaza," akasema fundi.

Yule binti alikuwa na malezi mazuri, hakucheka. Alituonyesha kikubwa, chenye mota, kinapoza hata jua liwake vipi, ila kinanguruma kidogo. Kabakoo akaweka kiganja juu yake, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. "Kinatikisika."

"Kidogo sana, baba."

"Tumeambiwa usitikiswe. Hatukuambiwa usitikiswe sana."

Basi akatuonyesha kidogo, cha chupa nane, hakina mota, kiko kimya kabisa. "Hiki kinakwenda digrii kumi na mbili mpaka kumi na nane."

Nikashtuka. "Digrii zote hizo? Mpwa wangu ana moja, na mwaka wa tatu huu anatafuta kazi."

"Za baridi, baba," akasema, na safari hii kicheko kikamponyoka. Kisha akamgeukia fundi. "Lakini hiki kina udhaifu wake. Kwa kuwa hakina mota, joto lake kinalitoa taratibu kwa nyuma na ubavuni. Ukikiweka mahali, tafadhali, kiachie nafasi kipumue."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti anapima upana. Maneno yale aliyasikia kama anavyoyasikia kila siku. "Tutaona," akasema.

Nyumbani palikuwa na pengo moja tu, katikati ya ukuta na kabati la vyombo la mkewe, kabati la mbao nzito alilorithi kwa mama yake. Kijifriji kikagota. Mtu mwingine angetafuta mahali pengine. Kabakoo akatafuta sabuni. Tulipaka ubavu huu na ubavu ule, tukasukuma, na kikaingia kikilia kama kiatu kipya. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akanishika mkono.

"Tazama, bwana! Kama kimeshonewa hapo."

Kwa kweli kilipendeza. Chupa ilionekana imelala peke yake katika mwanga wa buluu, na fundi akawa anashona huku anaichungulia. Wateja walichomwa pini sana wiki ile.

Halafu mkewe akaenda kutoa sahani. Akaweka mkono kabatini, akauondoa haraka. "Fundi! Kabati langu lina homa!"

Tukatazama namba kwenye kioo. Ilitakiwa isome kumi na mbili, ikasoma ishirini na sita. Fundi akakifunika kitambaa kibichi. Ikapanda ishirini na saba. Akakipepea kwa gazeti. Ikabaki hapo hapo. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi sikuwa na utani tena. Mkewe akapiga simu dukani, akaiweka kwa sauti ili tusikie wote.

"Poleni sana, mama," yule muuzaji akasema. "Mlikiachia nafasi kipumue?"

Mtu aliyeyakataa maneno hayo kutoka kila shingo ya mtaa mzima sasa alikuwa anayasikia kutoka kwenye simu. Mkewe akamtazama, akakaza midomo asicheke, ikamshinda, akateleza ukutani mpaka akakaa chini.

"Mwambie," akasema akijifuta machozi, "mwambie kitapumua kikifika nyumbani kikivua!"

Fundi hakucheka. Alishika kijifriji kwa mikono miwili akavuta. Hakikutoka. Nikamshika yeye kiunoni nikavuta. Hakikutoka. Sabuni ilikuwa imekauka ikawa gundi. Kwa upande mmoja ni ukuta, kwa upande wa pili ni kabati la marehemu mama mkwe wake. Akasimama pale anamtazama mkewe, na swali lake halikuhitaji kusemwa.

Mkewe akapapasa ubavu wa kabati. "Kata," akasema. "Kabati haliwezi kunipigia simu."

Akaukata ubavu mzima, polepole, kama mtu anayefumua mshono wa nguo ghali. Kisha cherehani ikatoka ndani ikahamia barazani, maana na yenyewe hutikisa, na kijifriji kikakaa pale ilipokuwa cherehani, ukuta uko mbali huku na huku. Kwa joto lililobaki la mwaka ule Kabakoo alishonea nje, jasho linamdondokea kwenye kitambaa, na chupa iko ndani inapulizwa na feni yake. Na jambo jingine. Siku moja aliniita, akaniambia nilete ile suruali, akaifumua kiunoni bila kuombwa. Jioni ile nilikaa. Nilikaa muda mrefu tu, nikifurahia.

Binti akaja kama alivyosema. Nilikuwepo. Akapita barazani akaiona cherehani, akaingia ndani akaliona kabati halina ubavu, sahani zinachungulia nje.

"Shikamoo, baba," akasema. Yeye mwenyewe, si kupitia kwa mtu.

"Marahaba," akasema fundi, akionyesha kijifriji. "Mvinyo wako huo. Umelala."

"Nani amekata kabati la bibi?"

"Lilikuwa linabana."

Mama akageukia dirishani haraka, mabega yanatikisika.

Binti akafungua chupa. Akanusa. Uso wake sikuusoma, nao hao watu wa mvinyo wamefundishwa kuuficha. Akamimina kwa babaake, kidogo, na kwake, na kwa mama. Kabakoo akabana pumzi kwa ajili ya harufu, akanywa. Akafumba macho. Binti naye akanywa. Wakatazamana. Halafu sijui nani alianza, lakini wote wawili walicheka mpaka wakashikana mabega, na kucheka kule kukageuka kukawa kulia, kukarudi tena kucheka. Mama akaonja, akajiunga nao.

Na mimi, daktari amenikataza, nimekaa pale na glasi yangu ya maji, natazama midomo ya watu. Nikawauliza. Niliuliza siku ile, nikauliza mwaka wa mafuriko huku tumebeba kijifriji, fundi mbele mimi nyuma. Kila nikikutana na binti namuuliza, naye huanza tu kucheka upya.

Jamani, ule mvinyo ulikuwa mzima, au ulikuwa umeharibika?