Mawe Yaliyozunguka Bila Mahindi

Nilipokuwa mtoto kule Mghange, miaka ya hamsini, mahindi yetu yalisagwa na maji ya mto. Maji yalizungusha gurudumu la mbao, gurudumu likazungusha mawe mawili, nasi tukapata unga. Basi. Lakini jaribu kumwambia hivyo nyanya yangu.

Yeye alishikilia kwamba mawe yale yakizunguka bila mahindi, husaga uhai wa mwenye kinu hicho cha maji. Na ushahidi alikuwa nao. Mzee aliyekijenga alikutwa amekufa, amelala chali kando ya mawe, unga umemjaa kwenye kope. Ndugu yake akakirithi, naye akakutwa vivyo hivyo. Mwenye kinu wa tatu alikuwa Babu Mwadime, mcheshi aliyeniita mke wake na kuniuliza kila mara kama nimeshajua kupika. Nilimpenda mzee yule, jamani.

"Ukisikia mawe yanalia matupu, usiingie," nyanya alinionya. "Yana njaa. Rudi mbio."

Alasiri moja, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nilifika kinuni na kikapu changu cha mahindi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mawe niliyozoea kuyasikia yakinguruma kwa uzito yalikuwa yakikwaruzana, sauti nyembamba, kavu, ya kutia ganzi meno. Nilimwita babu. Hakuitika. Kisha nikasikia ngo, ngo, ngo, kwenye mbao za ukuta. Kimya kidogo. Tena ngo, ngo, ngo.

Nilitimua mbio, mahindi yakimwagika njiani. Nilimweleza nyanya yote, hata kule kugonga. Hakunigombeza kwa punje hata moja. Alinikumbatia, akasema polepole, "Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Usimwambie mtu."

Kesho yake walimkuta Babu Mwadime amekufa chini ya ule ukuta. Kijiji kizima kilikubaliana kwamba mawe yamemla wa tatu. Kinu kikaachwa kioze, na mama zetu wakarudi kutwanga.

Sasa nina wajukuu wangu. Nyanya nilimsamehe zamani, alidhani ananiokoa. Mimi ndiye sijajisamehe. Labda mzee alianguka tu, kifua kikambana, akasikia sauti yangu nje. Maji hayachoki, na gurudumu lingekuwa ndilo lililogonga, lisingenyamaza. Anayegonga, akapumzika, kisha akagonga tena, ni mtu.