Kiti Chekundu na Mdomo wa Springi

Kibao cha mlangoni kilisema fundi makochi, lakini aliyemwita hivyo ni mteja mgeni tu. Wengine wote walimwita Springi, na wala si kwa ajili ya zile springi alizokuwa akizifunga kwenye viti vya watu. Ni kwa sababu hakuwahi kukaa mechi ikaisha. Wasichana wa chuo cha ufundi wakipoteza mpira, huyo juu. Wakiupata, huyo juu. Refa akipuliza filimbi, juu tena, na mashabiki wa safu ya nyuma yake walishazoea kutazama mpira wa kikapu kupitia chini ya kwapa lake.

Na sauti. Siku ya kugawiwa sauti nadhani wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamelala, akapita yeye na gunia akazoa na za wenzake. Springi akiuliza chumvi mezani, jirani anamletea.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi, sponji zimerundikwa mpaka darini, vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa dirisha. Jioni, kazi zikiisha, ndipo mashabiki walipokutana humo, kwa sababu ndiyo nyumba pekee mtaani yenye viti vingi kuliko watu. Tatizo ni kwamba viti vyenyewe vilikuwa mifupa: mbao, mikanda, na springi zilizo uchi zinazomchoma mtu mahali asipoweza kujikuna mbele za watu. Kiti kizima kilikuwa kimoja tu, chekundu, chenye mikono minene. Mteja alikileta kivishwe upya, kikavishwa, naye akahama mji bila kuaga.

Kile kiti kikawa na sheria yake. Kabla ya mechi kila mtu anasema nani aanze, nani akae benchi, na kocha afanye nini mambo yakiharibika. Yule ambaye mechi imemtetea, ndiye anayekalia kiti chekundu mpaka mechi inayofuata. Waliobaki wanakaa kwenye mifupa na kumeza maneno yao. Mwaka ule Springi alikikalia mpaka kitambaa kikachukua umbo lake.

Ugomvi mkubwa wa msimu ulikuwa mmoja: Mnara au Kijiko. Mnara alikuwa senta, msichana mrefu anayeinama kuingia mlango wa ukumbi, mpole kama shuka safi, ila mzito wa kugeuka. Kijiko alikuwa mlinzi mfupi, mwenye mkono wa kushoto, anayechota mpira mikononi mwa wapinzani kama sukari ya bure. Kocha kila mechi alianza na Mnara. Kijiko alimwingiza baadaye, mara nyingi wakati watu walishaanza kutafuta viatu vyao.

Dada wa famasi, mwanamke mwembamba anayeongea kama anasoma maelekezo ya dawa, alikuwa wakili wa Mnara. Urefu haufundishwi, alisema. Kasi unaweza kuifanyia mazoezi, urefu unapewa au unanyimwa. Springi alimjibu kwamba kabati nalo ni refu, na bado hajaona kabati likikaba mtu. Fundi saa wa duka la pili alimuunga mkono yeyote aliyesema mwisho, kwa hiyo kila mmoja alijitahidi kuwa wa mwisho, na ndiyo maana mijadala haikuisha.

Halafu kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kusalimia, wakati ukapita, watu wakaacha kuuliza anaondoka lini. Mchana alikaa karakanani akimvishia mkwewe vitambaa kwenye vifungo vya makochi, kwa ukimya wa mtu ambaye tangu siku ya harusi ana jambo moyoni na halisemi. Mpira wa kikapu aliuona upuuzi: watu wazima wanagombania kutia mpira kwenye chandarua kisicho na kitako. Springi akajitolea kumfundisha. Akapanga vifungo kwenye meza ya kukatia vitambaa, kifungo kikubwa kikawa Mnara, kidogo cha bluu kikawa Kijiko, akamwonyesha jinsi kidogo kinavyopita kushoto wakati kikubwa bado kinafikiria. Mama mkwe alitazama, akasogeza kifungo cha bluu mwenyewe kwa kidole, akasema, "Kumbe huyu mtoto ana akili, mwanangu."

Mwanangu. Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita "wewe bwana". Springi alitoka nje akajifanya anakung'uta vumbi. Tangu hapo mama mkwe hakukosa mechi, akawa Kijiko damu, na mezani Springi alipakuliwa wa kwanza. Mtu aliyetafuta heshima ya ukweni miaka yote kwa zawadi na kazi za mikono akaipata kwa mlinzi mfupi wa mkono wa kushoto. Unaelewa basi kwa nini hoja ya Kijiko haikuwa hoja tu kwake.

Mchana mmoja, wiki ya fainali, mama mkwe akiwa amekwenda kunyoosha mgongo, pikapu ya chuo ilisimama mlangoni na benchi la akiba nyuma yake. Mto wa benchi ulikuwa umechanika mwisho mpaka mwisho. Wachezaji wa akiba wana muda mwingi wa kuuchokonoa. Aliyeshuka ni kocha mwenyewe, mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye uwanjani huongoza timu kwa kidole kimoja. Springi alikuwa na misumari midomoni. Ilibidi aiteme kwanza ndipo amkaribishe.

Kocha alibonyeza sponji, akachagua kitambaa, kisha akafunga mlango.

"Fundi," akasema, "mimi nakusikiliza."

Springi alihisi kichwa kinavimba mpaka masikio yanabana. Aliyajua. Siku zote aliwaambia akina dada wa famasi kwamba yule kocha anasikia.

"Msimu mzima nakusikia. Na mengi unayosema ni kweli. Shida ni kwamba hatukusikii sisi peke yetu."

Akamweleza. Chuo cha biashara, wale watakaocheza nao fainali, walikuwa na kijana wao anayekuja kwenye kila mechi. Anavaa fulana ya rangi ya chuo cha ufundi, anakaa nyuma ya Springi, na simu sikioni. Nusu fainali chuo cha ufundi walicheza na rafiki za hao wa biashara, kijana akawapasha kwa simu, na Springi aliposimama kupiga kelele kwamba Kijiko aingie apite kushoto, Kijiko alipoingia alikuta kushoto kumeshawekwa watu wawili wanamsubiri kama wageni wa harusi. Chuo cha ufundi walishinda kwa bahati tu.

Springi aliikumbuka ile mechi. Alikuwa amemlaumu kocha kwa kuchelewa.

"Basi nitanyamaza," akasema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya kunong'ona na iliamsha paka aliyelala kwenye sponji.

"Ukinyamaza watajua kuna jambo. Nataka upige kelele kuliko siku zote. Ila umtetee Mnara. Robo ya mwisho, useme Mnara asitoke. Mimi nitafanya langu."

"Mimi? Nimtetee Mnara? Mbele za watu?"

"Na usimwambie mtu. Hata mkeo."

Springi akataka kusema kwamba mke si tatizo, tatizo ni aliyemzaa. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba msaada kwa sababu ya mdomo wake. Siku zote walimwomba aufunge. Akakubali. Kisha alipobaki peke yake akakaa kwenye kiti chekundu, akakishika mikono yote miwili, kama mtu anayemuaga ndugu stesheni.

Ukumbini siku ya fainali mama mkwe alikaa kulia kwake na kitambaa cha bluu kichwani kwa heshima ya Kijiko. Dada wa famasi alikaa mbele. Wachezaji wa akiba walikalia viti vya plastiki, benchi lao likiwa bado karakanani. Nyuma ya Springi alikuwepo kijana mwenye fulana mpya iliyobaki na mikunjo ya dukani. Mechi ilikwenda bega kwa bega, na mpaka mapumziko Springi alikuwa amesema mambo ya kawaida tu: refa ni kipofu, mpira una upepo mdogo. Mama mkwe alimtazama mara mbili.

Robo ya mwisho ikaanza. Chuo cha ufundi walikuwa nyuma kidogo, Mnara amechoka, anageuka polepole mpaka unaweza kuinjika chai na kuinywa kabla hajamaliza. Ukumbi mzima ulimgeukia Springi. Walijua sasa itakuja. Mama mkwe alimgusa kiwiko kumpa ruhusa.

Springi akasimama, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyotikisa ubao wa pointi, "Kocha, Mnara abaki. Asitoke Mnara. Huyo mdogo mwache hukohuko kwenye plastiki."

Dada wa famasi aligeuka kama daktari aliyeona mgonjwa amepona kabla ya kumeza kidonge. Fundi saa akasema kweli, Mnara abaki. Na nyuma, kwa masikio yake, Springi alimsikia kijana wa fulana mpya akinong'ona simuni, "Mrefu haondoki."

Lakini kilichomchoma ni upande wa kulia. Mama mkwe alisogea, nafasi ya mtu mmoja, akaweka mkoba wake katikati.

Springi akarudia. Mara hii ilimtoka kwa uchungu wa kweli, ikasikika kama imani. Benchi la biashara likaingiza wasichana wao wawili warefu ili wambane Mnara. Kocha akainua kidole. Mnara akatoka na wengine wawili wazito, Kijiko akaingia na wenzake wawili wepesi, na wale warefu wakawa kama malori yanayotaka kugeuza uchochoroni. Kijiko akachota mpira wa kwanza, akafunga. Akachota wa pili, akapita kushoto kweupe, hakuna mtu, akafunga tena. Filimbi ya mwisho ilipolia watu walikuwa wanarukaruka wote, isipokuwa Springi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekaa.

Jioni yake karakanani hukumu ilikuwa fupi. Dada wa famasi alishindwa pamoja na Mnara wake, akakubali. Springi, ambaye msimu mzima alisema Kijiko na siku ya haja akageuka, hata hakuulizwa. Aliyebaki na neno lake kutoka mwanzo mpaka filimbi ni mmoja tu, na huyo aliweka mkoba wake chini, akapangusa kiti chekundu kwa kiganja, akakikalia.

Springi akatafuta kifupa chake pembeni. Kilikuwa ni kochi ambalo springi zake alizifunga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aligundua kwamba kazi yake ni imara mno.

Alijitahidi kuvumilia, nampa haki yake. Siku ya kwanza mama mkwe alimweleza jinsi kifungo kidogo kinavyopita kushoto wakati kikubwa bado kinafikiria, neno kwa neno, kana kwamba ni yeye aliyekivumbua. Mkwe ni mkwe, Springi akaitikia, "Ndiyo, mama." Siku ya pili alipakuliwa wa mwisho, shingo ya kuku. Siku ya tatu mama mkwe akamwambia, "Wewe bwana, nipe mkasi."

Hapo akapasuka. Akawaeleza yote: kocha, mlango uliofungwa, kijana wa fulana, siri. Alieleza vizuri, kwa mikono na kwa vifungo. Fundi saa aliamini kabisa, mpaka dada wa famasi alipofungua mdomo.

"Yaani," dada akasema, "timu ina kocha, ina msaidizi, ina wachezaji, na silaha yake ya siri ni wewe?"

Walicheka mpaka springi zikalia chini yao. Kicheko hakijaisha, pikapu ikasimama nje. Kocha amefuata benchi lake.

Dada wa famasi hakumpa hata nafasi ya kukaa. Alimuuliza mbele ya wote kama ni kweli alimtuma fundi aseme vile. Springi alimtazama kocha kwa macho ya mtu anayezama na kuona kamba.

Kocha alikuwa akipitisha kidole kwenye mshono. "Mimi?" akasema. "Uwanjani mimi sisikii mashabiki. Naweka pamba masikioni."

Kicheko kikaanza upya, na mama mkwe ndiye aliyeongoza. Kocha akaubonyeza mto mara mbili, akaridhika, akawaita vijana walibebe benchi. Akiwa mlangoni akageuka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Mshono mzuri, fundi. Hautafumuka huu. Msimu ujao tunafungua na walewale wa biashara. Utakuja?"

Springi alibaki ameduwaa, mdomo wazi, hautoi kitu, jambo ambalo majirani walilizungumza baadaye. Kisha ikamwingia taratibu. Mtu hakatai siri iliyokwisha kazi. Anakataa ile anayoihitaji bado.

"Nitakuja," akasema.

Pikapu ikaondoka. Akarudi kwenye kifupa chake, akakaa, akachomwa, akainuka tena. Alimtazama mama mkwe kwenye kiti chekundu, akawaza ile "mwanangu" na mapaja ya kuku atakayoyakosa msimu mzima unaokuja. Akavuta pumzi.

"Mimi nawaambia mapema," akasema, na duka la pili saa zote zikatikisika ukutani. "Msimu ujao Mnara aanze. Na asitoke."

Fundi saa akasema ni kweli. Dada wa famasi akamsogezea sponji akalie, kwa huruma ya kitabibu.

Mama mkwe hakuinua hata macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akikivisha. "Mwacheni," akawaambia. "Binti yangu naye tulimwambia mapema, kabla ya harusi."